SAA INAYOJITIA UFUNGUO: YAMPASAYO KUYAJUA MNUNUZI WA SAA YA HESHIMA

Katika biashara ya saa za mkono lipo jambo ambalo humshangaza kila anayelifikiria kwa mara ya kwanza. Saa ya plastiki yenye betri, ile inayouzwa kwa bei ya chini kabisa, huwahi au huchelewa kwa kiasi cha sekunde ishirini hivi kwa mwezi. Saa otomatiki, yenye kasha la chuma king'aacho, uso wa rangi ya maziwa na mkanda wa ngozi, hugharimu mara kumi, ishirini au zaidi ya hiyo, na pengine hukosea sekunde hizo hizo ishirini kwa siku moja.

Ni dhahiri basi kwamba anayenunua saa otomatiki hanunui usahihi. Hununua mashine inayopata nguvu kutokana na mwendo wa mkono wake mwenyewe, isiyohitaji betri, na inayoweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa kazini. Aghalabu hununua pia sura: ule umbo wa saa za miaka ya 1950, mwembamba na mtulivu, unaofaa kuvaliwa na koti siku ya mahafali au ya arusi. Hayo yote ni haki ya mnunuzi. Taabu ni kwamba sura ni rahisi kuigwa, ilhali mashine si rahisi. Mwalimu aliyeweka akiba ya miezi kadhaa, au ukoo uliochanga ili kumzawadia kijana wao, hauna fedha ya kuchezea; na kinachoamua kama saa itatumika miaka ishirini au itaishia katika mtoto wa meza ni kile kilichofichwa nyuma ya uso huo mzuri.

Nishati yatoka wapi

Kila saa isiyo na betri huendeshwa na kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliosokotwa ndani ya pipa dogo. Kamani ikikazwa huhifadhi nishati. Ikijikunjua huitoa polepole kwa magurudumu ya meno. Zamani mwenye saa aliikaza kila asubuhi kwa kuzungusha kile kifundo cha ubavuni ambacho wengi hukiita ufunguo. Katika saa otomatiki kazi hiyo hufanywa na rota: kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara, kinachozunguka kwa uhuru juu ya mashine. Kwa kuwa uzito wake wote uko upande mmoja, mvutano wa dunia huuvuta upande huo chini daima. Mkono unapogeuka, kasha hugeuka nao, lakini rota hujitahidi kubaki chini. Tofauti hiyo ya mwendo kati ya kasha na rota ndiyo inayokaza kamani.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1770 Abraham-Louis Perrelet, fundi wa mji wa Le Locle nchini Uswisi, alitengeneza saa za mfukoni zilizojikaza zenyewe kwa mwendo wa mvaaji. Hata hivyo mfuko si mahali pazuri pa mashine ya namna hiyo, maana saa ya mfukoni hukaa wima na kutulia sehemu kubwa ya siku. Wazo likalala mpaka saa zilipohamia mkononi. Mwingereza John Harwood, fundi saa aliyeishi katika Isle of Man, aliona kwamba vumbi na unyevu viliingia ndani ya saa kupitia tundu la ufunguo. Akaamua kuuondoa ufunguo wenyewe! Mwaka 1924 alipewa hataza nchini Uswisi kwa ajili ya saa ya mkono iliyokazwa na uzito uliopigapiga huku na huku kati ya vizuizi viwili, na akrabu zake ziligeuzwa kwa kuzungusha pete ya kioo. Mwaka 1931 kampuni ya Rolex ilileta rota inayozunguka duara zima bila kugonga popote, na huo ndio mpango uliomo katika takriban kila saa otomatiki ya leo.

Yalibaki matatizo mawili. La kwanza ni kwamba mkono huenda pande zote mbili, bali kamani hukazwa upande mmoja tu. Mwaka 1959 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa ufumbuzi wa ajabu kwa urahisi wake: kijiti chenye mikono miwili yenye kulabu, kinachoshika gurudumu moja la meno. Rota ikienda kulia mkono mmoja husukuma. Ikienda kushoto mwingine huvuta. Gurudumu huendelea upande ule ule. Ufumbuzi huu una vipande vichache kuliko ule wa Kiswisi wa magurudumu ya kubadili mwelekeo, na ni sababu mojawapo ya saa otomatiki za Kijapani kuuzwa kwa bei nafuu. Tatizo la pili lilikuwa kukazwa kupita kiasi. Katika saa otomatiki ncha ya nje ya kamani haikufungwa kwenye pipa, bali hulibana kwa nguvu ya msuguano. Kamani ikijaa, ncha hiyo huteleza kidogo. Hivyo basi hofu ya baadhi ya watu, kwamba kuvaa saa otomatiki siku nzima shambani kutaikata kamani, haina msingi.

Mapigo 518,400 kwa siku

Nishati peke yake haipimi wakati. Kamani ikiachwa bila kizuizi ingejikunjua yote kwa mara moja. Kinachoipimia ni gurudumu la mizani, gurudumu dogo linalokwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu ya kamani nyingine, nyembamba kama unywele. Kila linapogeuka, kipande chenye umbo la nanga huliachia gurudumu la mwisho jino moja lipite. Mlio wa "ti-ti-ti" usikikao ni wa nanga hiyo.

Wanafunzi waliokwisha kujifunza habari za timazi watauona undugu uliopo. Christiaan Huygens wa Uholanzi ndiye aliyebuni saa ya timazi mwaka 1656, na mwaka 1675 akatangaza mizani yenye kamani. Lakini ipo tofauti kubwa. Timazi hurudishwa na mvutano wa dunia, kwa hiyo haifanyi kazi ikipinduliwa. Gurudumu la mizani hurudishwa na kamani yake. Kipindi chake hutegemea ugumu wa kamani hiyo na jinsi uzito wa gurudumu ulivyotawanyika kuzunguka mhimili. Kwa sababu hiyo saa ya mkono huendelea na kazi hata mvaaji akilala kifudifudi.

Saa nyingi za bei nafuu hupiga mapigo 21,600 kwa saa, yaani 6 kwa sekunde. Katika siku moja hayo ni mapigo 518,400. Katika mwaka wa siku 365 ni zaidi ya milioni 189. Sasa na tuirudie ile kasoro ya sekunde 20 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Kasoro hiyo ni sehemu 0.023 ya mia. Ni mizani gani ya dukani, au rula gani ya darasani, iwezayo kujisifu kwa kasoro ndogo namna hiyo? Mashine iliyotengenezwa kwa shaba na chuma, ikitikiswa mchana kutwa, yastahili heshima zaidi kuliko ile inayopewa na wale wanaoilinganisha na saa ya betri tu.

Maadui wa usahihi huo ni watatu. Joto hulegeza ugumu wa kamani ya kawaida na saa huchelewa. Adui huyu alishindwa kwa kiasi kikubwa na Charles Édouard Guillaume, mwana wa fundi saa wa Uswisi, ambaye kwa uchunguzi wake wa aloi za nikeli na chuma alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1920. Adui wa pili ni sumaku: mizunguko ya kamani nyembamba ikipata usumaku hushikamana, na saa huanza kukimbia dakika nzima au zaidi kwa siku. Spika za redio na za simu zatosha kuleta hali hiyo, ila fundi huiondoa kwa muda mfupi tu. Wa tatu ni msuguano. Dhidi yake ncha za mihimili huwekwa katika vito vya yakuti nyekundu. Wanunuzi wengine hudhani vito hivyo ni hazina. La hasha! Tangu Mfaransa Auguste Verneuil atangaze mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti kwa moto, kito cha saa ni kitu cha bei ndogo mno. Mashine ya akrabu tatu yahitaji vito ishirini na kitu. Katika miaka ya 1960 makampuni yalishindana kuviongeza, na kampuni ya Orient ya Japani ilifikia kuuza saa ya vito 100. Vingi vya aina hiyo havikuwa na kazi ila kuandikwa kwenye uso wa saa.

Mashindano hayo yalikatizwa ghafula. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko iliuza huko Tokyo saa ya kwanza ya mkono iliyopimwa kwa mitetemo ya fuwele ya kwatsi, kwa bei ya yeni 450,000. Fuwele za saa za kwatsi za leo hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na bei zake zimeshuka hadi kufikia ya mlo mmoja. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 katika viwanda vya saa mwaka 1970, ilibaki na elfu thelathini na kitu katikati ya miaka ya 1980. Saa ya kamani iliporudi haikurudi kama chombo cha lazima; ilirudi kama pambo na kama ukumbusho wa ufundi. Ndiyo maana leo inavalishwa sura ya enzi ile ya kabla ya mwaka 1969.

Sura ya kale na udanganyifu wake

Saa ya heshima ya miaka ya 1950 ilikuwa na kipenyo cha milimita 34 hadi 36, uso usio na mambo mengi, mistari membamba badala ya tarakimu, na kioo kilichobinuka kama mgongo wa kobe. Kioo hicho kilikuwa cha plastiki ya akriliki, ambayo hukwaruzika upesi lakini hung'arishwa tena kwa dawa ya kusugulia. Siku hizi ubinuko huo huigwa kwa kioo cha kawaida kilichoimarishwa, au kwa yakuti isiyo na rangi. Kwa kipimo cha Mohs yakuti ina ugumu wa 9, na kioo cha kawaida karibu 5 na nusu. Mchanga, ambao kwa sehemu kubwa ni kwatsi, una ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba vumbi la barabarani laweza kuchora kioo cha kawaida lakini haliwezi kuichora yakuti. (Kwatsi, iliyozinyang'anya saa za kamani soko lake, yaendelea pia kuzikwaruza nyuso!)

Mistari isiyo na tarakimu ina faida ambayo wabunifu wa Geneva na Tokyo hawakuikusudia. Msemaji wa Kiswahili aonapo akrabu fupi kwenye 7 asubuhi husema ni saa moja. Husoma tarakimu iliyo mkabala kabisa na ile inayoonyeshwa. Akrabu hiyo ingerefushwa kinyume kupita katikati, mkia wake ungegusa 1. Uso mtupu haubishani naye.

Kuhusu ukubwa, saa za leo huzidi zile za kale kwa milimita nne au tano. Kipimo cha kuangaliwa zaidi ya kipenyo ni urefu kutoka sikio moja la kasha hadi la pili, pale mkanda unapofungiwa. Masikio yakipita upana wa kifundo cha mkono, saa haitatulia chini ya mkono wa shati, hata ikiwa nzuri namna gani.

Saa tatu za kulinganishwa

Mfano unaofaa kuanzia ni Orient Bambino. Ina kasha la milimita 40.5, na lipo toleo jingine la milimita 38. Uso uliobinuka chini ya kioo kilichobinuka. Na mashine iliyotengenezwa na Orient wenyewe. Mashine ya matoleo ya karibuni, iitwayo F6724, ina vito 22, hupiga mapigo 21,600 kwa saa na huhifadhi nishati ya kiasi cha saa 40. Kiwanda huahidi kwamba haitawahi zaidi ya sekunde 25 wala kuchelewa zaidi ya 15 kwa siku; nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na upungufu ambao mnunuzi wa saa iliyotumika hana budi kuuchunguza: hayakuweza kukazwa kwa ufunguo, wala akrabu ya sekunde haikusimama ufunguo ulipovutwa. Kioo chake si yakuti. Aidha, nafasi ya mkanda katika kasha la 40.5 ni milimita 21, kipimo kisichopatikana kirahisi kama 20 au 22. Hilo ni jambo dogo mpaka siku mkanda utakapokatika.

Seiko Presage ya mfululizo wa "Cocktail Time" ina mashine ya 4R35, yenye mapigo yale yale, vito 23 na akiba ya saa 41. Bei yake ni ya juu kuliko ya Bambino, na ziada hiyo imetumika zaidi kwenye uso, wenye miali iliyochongwa inayocheza na mwanga. Mashine yenyewe, kwa maneno ya kiwanda, yaruhusiwa kuwahi hadi sekunde 45 na kuchelewa hadi 35, ahadi iliyo legevu kuliko ya Orient. Anayependa uso huo na aununue akijua kwamba ni uso anaoununua.

Ya tatu ni Tissot iliyopewa jina la mji wa Perrelet, Le Locle, ambako kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1853. Hapa kioo ni yakuti, na mashine ya Powermatic 80 huhifadhi nishati ya saa 80, hata ukiivua Ijumaa jioni utaikuta Jumatatu asubuhi ingali inakwenda. Baadhi ya akiba hiyo imepatikana kwa kupunguza mapigo kutoka 28,800 ya mashine iliyoitangulia hadi 21,600. Bei yake, hata hivyo, kwa kawaida ni zaidi ya mara mbili ya Bambino. Tena, mashine hii hurekebishwa kiwandani, na haina kile kiwiko kidogo ambacho fundi husogeza kwa ncha ya bisibisi ili saa iende upesi au polepole. Palipo karakana ya kampuni, hilo si neno. Pasipokuwapo, mashine ambayo fundi wa kawaida aweza kuirekebisha ina thamani ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya bei. Kwa mwenye mshahara wa ualimu, na mbali na karakana hizo, hukumu yaelemea Orient.

Dukani na baada yake

Saa bandia na saa za kale zilizopakwa rangi upya ni nyingi sokoni. Akrabu ya sekunde ya saa ya betri ya kawaida huruka mara moja kwa sekunde. Ya otomatiki hutambaa kwa hatua ndogo sita. Ukiisogeza saa polepole karibu na sikio, rota husikika ikiviringika. Saa nyingi zina kioo mgongoni: mnunuzi na atazame kama rota yazunguka, na kama jina la mashine lililoandikwa pale ndilo lililotajwa na kampuni. Kwa saa ya kale, herufi zilizovimba au mistari isiyolingana na akrabu ni dalili ya uso uliopakwa upya. Nyuso ndogo zilizochorwa tu ndani ya uso mkubwa, zisizosogeza chochote, zatosha kumfanya mnunuzi aondoke.

Maneno "mita 30" kwenye kasha hayamruhusu mtu kuogelea. Yasema tu kwamba saa ya namna hiyo hustahimili shinikizo la angahewa 3 katika maji yaliyotulia maabara. Kwa saa ya heshima chukua kwamba yastahimili manyunyu na maji ya kunawa. Katika joto la Tanga, Mombasa au Muscat, jasho la chumvi huozesha mkanda wa ngozi mapema. Wenye busara huweka ngozi kwa ajili ya shughuli na kuvaa mkanda wa kitambaa siku nyingine. Tarehe isigeuzwe kwa ufunguo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana wakati huo magurudumu ya tarehe yameshikana na yaweza kuvunjika. Mafuta ya mashine nayo hukauka. Fundi aifungue na kuisafisha kila baada ya miaka michache, na gharama hiyo iulizwe kabla ya kununua, si baada.

Mwenye saa mpya aweza kufanya jaribio linalofaa hata darasani. Aikaze kikamilifu, ailinganishe na saa ya simu, kisha ailaze uso juu kwa siku moja na kuandika imewahi au imechelewa sekunde ngapi. Siku ya pili ailaze uso chini, ya tatu aisimamishe ufunguo ukiwa chini, ya nne ufunguo ukiwa juu, akiikaza upya kila mara. Majibu hayatalingana. Saa ikilazwa, mhimili wa mizani husimama juu ya ncha yake moja na msuguano huwa mdogo. Ikisimamishwa kwa ubavu, mhimili hulala katika vito viwili na msuguano huongezeka. Tena, gurudumu lisipokuwa na uzito sawa pande zote, mvutano wa dunia huonyesha kasoro hiyo katika mikao ya ubavu peke yake. Akiisha kuujua mkao unaoichelewesha saa yake, na ikiwa mkononi huwahi sekunde sita mchana kutwa, na aiweke usiku katika mkao huo kando ya kitanda. Asubuhi ataikuta imezirudisha zote au karibu zote.